Mkuu Asiposikia, Guu la Nani Huvunjika?

Methali isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu ni katika zile za mwanzo ambazo mtoto wa pwani hutiwa masikioni. Sisi tuliipata chuoni, tukiwa tumekaa mkekani na juzuu zetu mapajani, mbele ya mwalimu ambaye bakora yake haikuwa mbali na mkono, na hapana aliyekuwa na haja ya kuuliza maana yake. Tulipokua tukaenda kutafuta riziki, tuliikuta makazini imetutangulia. Nyapara huitumia, karani mkuu huitumia, na meneja naye, hata kama amezaliwa mbali na maji ya chumvi, hiyo ndiyo methali ya kwanza anayojifunza akitaka kuonyesha kuwa Kiswahili anakijua.

Sina ugomvi na methali yenyewe. Wahenga hawakuitunga kwa mchezo. Ninalotaka kuuliza leo ni swali ambalo limenikaa kifuani kwa miaka mingi: pale ambapo asiyesikia si mdogo bali ni mkuu, guu linalovunjika huwa ni la nani?

Ndugu msomaji, panda kivuko cha Likoni saa kumi na moja za jioni, wakati watu wanarudi makwao, kisha usiseme neno, sikiliza tu. Hutasikia habari za mpira peke yake. Utasikia watu wakiwazungumza wakubwa wao wa kazi. Ni kweli kuwa mshahara unatajwa, na bei ya unga inatajwa. Lakini ukitega sikio vizuri utagundua kuwa kinachowachoma wengi si hicho. Mhudumu wa hoteli anaeleza alivyogombezwa mbele ya wageni kwa kosa ambalo si lake. Mama wa kiwandani anaeleza jinsi anavyoomba ruhusa ya kwenda msalani kama mtoto wa skuli. Kijana anasema huu ni mwaka wa nne anapewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ukiisha huambiwa ashukuru kwa kuongezwa mwingine. Karani analalamika kuwa mkubwa wake hupita kila asubuhi asiitikie salamu, lakini saa nne za usiku humpelekea ujumbe kwa simu na kutaka ajibiwe papo hapo. Kisha, wasema wote, mkubwa huyo huyo husimama katika karamu ya mwisho wa mwaka akatangaza kuwa "sisi hapa ni jamaa moja."

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanatafuta nini katika ukurasa wa utamaduni. Jibu langu ni kuwa utamaduni si ngoma na mavazi peke yake. Namna watu wanavyoamkuana, wanavyoitana, anayesema na anayetakiwa anyamaze, hayo ndiyo mila zenyewe. Na mtu mzima wa leo hukaa macho kazini saa nyingi zaidi kuliko anavyokaa macho nyumbani kwake. Ikiwa mila za mahali pale zimeoza, hapana taarab wala lelemama itakayomponya.

Nitahadithia kisa kimoja, nacho nilikiona kwa macho yangu.

Katika miaka ya tisini, kabla sijaingia katika kazi hii ya kalamu, nalikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Jina lake halina faida kwa msomaji. Mkuu wetu siku hizo alikuwa ametoka katika semina ya uongozi, na aliporudi aliagiza litengenezwe sanduku la maoni. Likaja sanduku zuri la mbao, limepakwa rangi ya kijani, likatiwa kufuli na kupigiliwa ukutani karibu na ngazi. Juu yake paliandikwa kwa Kiingereza kuwa maoni ya kila mfanyakazi yana thamani.

Mlangoni mwa ghala letu palikuwa na bawabu wa usiku, mzee wa kutoka visiwa vya kaskazini, ambaye sote tukimwita Ami. Skuli hakusoma. Alisoma chuo akahitimu, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hati safi iliyonyooka, kama walivyoandika wazee wetu karne nyingi kabla hatujazijua herufi za Kizungu.

Asubuhi moja alipokuwa akitoka zamu alipita mezani kwangu. "Sabalkheri, mwanangu," akasema, "taa ya langoni imekufa, na kile kifuniko cha mtaro kimevunjika. Nimemwambia nyapara, kanambia niandike." Mbele yangu palikuwa na rundo la makaratasi ya meli iliyokuwa ikingojewa, na mkubwa wangu alikuwa amekwisha kuulizia mara mbili. Nikamwambia, "Basi andika, Ami, utie sandukuni." Nikarudisha macho kwenye makaratasi. Sikumuuliza ataandika kwa herufi gani, wala nani atasoma. Nami nalikuwa mmoja wa wawili watatu katika ofisi nzima ambao wangaliweza kumwandikia.

Mvua za mwaka zikaanza. Usiku mmoja lori lilichelewa kutoka bandarini, likapiga honi langoni. Ami akatoka kwenda kulifungulia. Maji yalikuwa yamejaa yakaufunika mtaro, na taa hapakuwa. Akakanyaga pale alipodhani pana kifuniko. Guu lilivunjika juu ya goti. Dereva na utingo wake ndio waliomtoa majini wakampeleka hospitali.

Juma lile lile taa ikawekwa mpya na mtaro ukafunikwa. Haikuchukua hata nusu ya siku.

Baada ya miezi miwili Ami akatuma mjukuu wake kuniita. Nilimkuta kitandani, na chini ya mto wake palikuwa na barua ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Alitaka nimsomee. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamfasiria: kuwa ofisi inamshukuru kwa utumishi wake, kuwa kwa hali yake haitamkinika aendelee na kazi, na kuwa aende akachukue haki yake ya mwisho kwa mtunza fedha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza neno moja tu: "Hawakutaja taa?" Nikamwambia hawakutaja.

Mwisho wa mwaka ofisi ikapakwa rangi. Fundi akataka lile sanduku litolewe ukutani. Ufunguo ukatafutwa usionekane, kwa sababu tangu siku lilipopigiliwa hapana aliyelifungua. Likavunjwa kwa nyundo mbele ya mkuu na mbele yetu sote, zikamwagika karatasi kumi na mbili. Moja iliomba maji ya kunywa ghalani. Moja iliomba nyapara aache kuwaita watu kwa makabila yao. Moja ilikuwa matusi matupu. Mkuu alizisoma moja moja, mpaka akaifikia iliyokuwa na herufi za Kiarabu. Akaigeuza juu chini, akaishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa hamaki ni nani aliyethubutu kumtilia hirizi ofisini mwake.

Nikamwambia, "Si hirizi, bwana. Ni barua." Akaniamuru niisome, nikaisoma kwa sauti. Ilianza kwa salamu kamili, kama adabu inavyotaka, kisha ikasema kwa ufupi kuwa taa ya langoni imezimika, kifuniko cha mtaro kimevunjika, na macho ya mwandishi si ya ujana tena. Aliomba glopu moja na ubao mmoja. Na mwisho aliongeza kuwa kama glopu haipatikani, ubao pekee watosha. Tarehe yake ilitangulia ile ajali kwa siku kumi na tisa.

Hapana aliyesema. Mwishowe mkuu akauliza, "Mzee huyu yuko wapi siku hizi?"

Nataka msomaji anielewe. Mkuu yule hakuwa mtu mwovu. Akimlipia karo mtoto wa mfagiaji wetu bila kumtangazia mtu, na siku ile niliziona haya usoni mwake. Nami nilikuwa na zangu, na mpaka leo ninazo. Kwa hiyo siandiki makala haya kuwatukana wakubwa. Ninachosema ni kuwa dhulma haihitaji mtu mwovu. Yatosha neno la mdogo likose njia ya kupita. Nyapara humpeleka kwa karani, karani humpeleka sandukuni, na sanduku halina ufunguo. Kila mmoja amefanya lake, na mzee amevunjika guu.

Hapo ndipo ninapoirudia methali yetu. Wahenga waliposema mkuu hawakukusudia mwenye kiti kikubwa. Walimkusudia aliyetangulia kuona: mzee aliyekwisha kupita njia ile akajua shimo liko wapi. Basi katika ofisi ile ni nani aliyelijua shimo? Kwa habari za mtaro ule na lango lile, bawabu ndiye aliyekuwa mkuu, na meneja ndiye mtoto aliyeambiwa asisikie. Ila hapa methali inageuka vibaya. Kijijini, mtoto asiyesikia huvunjika guu lake mwenyewe, na maumivu humfunza. Kazini, asiyesikia yuko juu ghorofani, na guu linalovunjika liko chini langoni. Basi mkuu atafunzwa na nini?

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya ofisi moja. Ukitaka kujua mila za mahali, yatazame maneno yake. Chukua neno "kibarua". Umbo lake lenyewe lakuambia kuwa ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Katika karne ya kumi na tisa, hapa Mombasa na kule Unguja, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wao ikarudi kwa bwana. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mwaka 1907. Neno likabaki, na kwa muda mrefu likabaki pamoja na tabia yake: mtu anayehesabiwa kwa siku, ambaye leo yupo na kesho hajulikani, na asiyetarajiwa kuwa na neno la kusema. Tusiwasingizie Wazungu kila kitu. Katika ubwana huu wa makazini pana uliotoka kwetu wenyewe.

Lakini pia pwani hii ina mila nyingine ya kazi, nayo ni ya chomboni. Wavuvi wakirudi na samaki hawalipani mshahara, hugawana. Pana fungu la chombo, pana fungu la nyavu, na pana mafungu ya watu waliokwenda. Nahodha hupata zaidi na hapana anayemwonea kijicho, maana kila mtu anajua kazi yake. Na kwa kuwa kila aliyemo ana fungu, kila aliyemo ana neno. Kijana wa mwisho chomboni akiuona mwamba mbele haandiki barua wala hapigi hodi, hupiga ukelele. Nahodha naye hamuulizi cheo chake. Hugeuza usukani kwanza, maswali baadaye. Simaanishi kuwa baharini hapana dhulma. Ipo, na madeni ya mabaharia yana hadithi zake. Lakini nahodha mwenyewe yumo chomboni. Chombo kikipasuka, maji hayatachagua.

Mji huu wa Mombasa umekwisha kutoa ushahidi, tena zaidi ya mara moja, wa yale yanayotokea neno likikosa njia. Mwaka 1939 wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waligoma, na mgomo ukaenea mpaka kwa makuli wa bandarini. Walilalamikia mishahara na taabu ya nyumba za kukaa. Ikaundwa tume ya kuchunguza hali zao. Lakini miaka minane haikupita ila jambo likarudi kwa ukubwa zaidi. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao elfu kumi na tano, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, waliweka kazi chini, na mji ukasimama kwa siku kumi na mbili.

Katika mgomo ule pana jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu zote. Kila siku wagomaji walikusanyika uwanjani, upande wa Majengo, kusemezana na kuamua, na uwanja ule wakaupa jina. Waliuita Ofisi ya Maskini. Itazame hekima ya jina hilo. Watu hawa walikuwa wakifanya kazi katika ofisi za wengine kila siku, wakibeba mizigo yao na kupika chakula chao, na mle hapakuwa na mahali pa kusema. Walipopata mahali pa kusema na kusikizwa, hapo ndipo walipopaita ofisi yao, ingawa hapakuwa na paa wala meza.

Mgomo ulikwisha baada ya Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kushuka Mombasa kuwasihi watu warudi kazini wakiahidiwa kuwa madai yao yatachunguzwa. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama cha wafanyakazi kilichotokana na mgomo huo, alikamatwa Agosti mwaka ule ule na kuhamishiwa Kabarnet, akakaa huko miaka kama kumi. Je, kumfunga msemaji kulimaliza maneno? Machi 1955, Hali ya Hatari ikiwa imeikaza nchi nzima, makuli wa Mombasa waligoma tena, na Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kushiriki katika kuwapatanisha. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wakubwa wengi huyasoma mambo kama haya wakasema, "Alhamdulillahi, sisi hatuna mgomo." Nawanasihi wasifurahie mapema. Mfanyakazi aliyekata tamaa hagomi siku zote. Aghalabu hufanya jambo ambalo ni baya zaidi kwa kazi: hunyamaza. Huja saa mbili, huondoka saa kumi na moja, huuona mwamba asipige ukelele. Huliona taka likiziba mfereji akaliruka. Husema moyoni, "Chombo si changu." Na kampuni iliyojaa watu wa namna hiyo huwa imekwisha kuzama, kilichobaki ni kujulikana tu.

Sheria zetu, kusema haki, zimekwisha kuyaona haya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa sawa katika mambo ya kazi, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa, kwa udhaifu wa kazi au kwa kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mwenziwe wa kazi au mjumbe wa chama awepo akisikia. Kwa lugha anayoifahamu! Kila ninapofika hapo humkumbuka Ami na ile barua iliyokuwa chini ya mto. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka ule ule, inataka kila mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama.

Basi sheria ziko. Lakini sheria ni kama lile sanduku la kijani. Laweza kuwa zuri, laweza kuwa na maandishi mazuri, na laweza kukosa ufunguo.

Nimewahi kuyasema haya mbele ya wakubwa, na majibu yao nayajua. Husema wafanyakazi ni wavivu, wapenda fitina, na ukiwafungulia mlango wa maneno hawatafunga vinywa. Sikatai kuwa wavivu wapo na wafitini wapo. Katika karatasi kumi na mbili, moja ilikuwa matusi. Lakini zilizobaki ni kumi na moja. Na tujiulize fitina huota wapi? Huota pale ambapo neno la wazi limekatazwa. Mtu aliyezuiwa kusema mlangoni atanong'ona dirishani. Akikuandikia barua isiyo na jina, usianze kwa kutafuta mwandiko ni wa nani. Anza kwa kujiuliza umefanya nini hata watu wako wakakuogopa kiasi hicho.

Nasi wafanyakazi tusijitakase. Ujira una haki yake na kazi ina haki yake. Chuoni tulifundishwa kuwa ujira hulipwa kabla jasho halijakauka, lakini hadithi hiyo hutaja jasho, na asiyetoka jasho ana shida kuitolea ushahidi. Tena sisi tuliopata elimu kidogo, makarani na wasimamizi, tuna dhambi yetu maalumu. Sisi ndio ngazi. Neno la chini hupitia kwetu kwenda juu, na mara nyingi hufia mikononi mwetu, kwa sababu tuna makaratasi, au kwa sababu tunamwogopa mkubwa, au kwa sababu tumeanza kujiona nasi ni wakubwa. Nyapara aliyesahau kuwa jana alibeba gunia ni mchungu kuliko bwana mwenyewe.

Nini basi kifanywe? Sina dawa kubwa. Nina mambo manne madogo, na yote hayagharimu zaidi ya bei ya glopu. La kwanza, sanduku likiwekwa, ijulikane siku ya kulifungua, lifunguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, na kila neno lijibiwe hadharani, hata kama jibu ni "hapana" pamoja na sababu yake. La pili, mkubwa ashuke. Siku moja kwa mwezi akae ghalani, jikoni, langoni usiku, asiende na msafara wa kupigwa picha. Ataona mitaro ambayo haimo katika ripoti. La tatu, mambo ya kazi yasemwe na yaandikwe kwa Kiswahili, ambacho kwa Katiba yetu ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Hatukuipa lugha hii cheo ili ikae nje na bawabu wakati maamuzi yanafanywa ndani. La nne, na hili ndilo zito, anayesema kweli asiadhibiwe. Siku utakayomwachisha kazi mtu mmoja kwa sababu alisema taa imekufa, wengine wote watajifunza kukaa gizani.

Ami ametangulia mbele ya haki. Aliishi miaka iliyomsalia kwa mkongojo, na kila nilipokwenda kumwamkua alinipokea kwa uso mkunjufu, asinilaumu hata siku moja. Lau angalinilaumu pengine ningalisahau. Nimebaki na beti hizi mbili, nami nawapa wakubwa wa kazi wazipigilie misumari karibu na masanduku yao:

Mkubwa shuka ngazini, uje huku kwenye giza,
Utazame mtaroni, nani anayejikwaza,
Barua i sandukuni, inangoja na kuoza,
Mkuu 'siposikia, mdogo huvunja guu.

Si mshahara pekee, unaotuliza moyo,
Neno letu lipokee, ujue tuliyo nayo,
Usingoje tukemee, kwa hasira ziwakayo,
Mkuu 'siposikia, mdogo huvunja guu.